Maswali ya Wasomaji: Jiwe Linaloota kwa Matone

Barua tatu zilizotufikia msimu huu wa mvua zinahusu jambo moja, ingawa walioziandika hawafahamiani na kila mmoja ameliona mahali pake: mmoja pangoni na shuleni, mwingine chini ya ghorofa, wa tatu karibu na kijiji chake. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa kuwa majibu ya nyingine mbili yanaitegemea.

SWALI: Ndugu Mhariri, mwezi uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha pili kwenye Mapango ya Amboni. Aliyetuongoza aliwaonesha mawe yaliyoning'inia darini akawaambia kuwa yamechukua maelfu ya miaka kukua. Tuliporudi, mwanafunzi mmoja alinipeleka chini ya ngazi za jengo letu la madarasa, ambalo halijatimiza miaka kumi, akanionesha vijiti vyeupe vinavyoning'inia, vyembamba, virefu kama kidole. Akauliza, "Mwalimu, na hivi navyo vina maelfu ya miaka?" Sikuwa na jibu la kumridhisha. — Mwalimu wa jiografia, Tanga.

JIBU: Mwalimu, mjibu kwamba vijiti vile haviwezi kuwa na umri kuzidi ngazi zenyewe. Mwambie pia kwamba hakukosea kuvifananisha na mawe ya Amboni, kwa sababu dutu iliyomo ni ileile, yaani kaboneti ya kalsiamu, na tofauti ni njia iliyoifikisha pale. Pangoni jiwe huota kwa sababu hewa ya ukaa inatoka ndani ya maji. Chini ya zege jiwe huota kwa sababu hewa hiyohiyo inaingia ndani ya maji. Njia hizi mbili zinakwenda kinyume kabisa na zinaishia mahali pamoja, na mimi kila nikilifikiria jambo hili huliona jipya, kwa hiyo naomba nilieleze polepole.

Tuanze jikoni. Yeyote aliyekulia pwani akinywa maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe anajua kwamba sabuni haitoi povu upesi katika maji hayo, na kwamba birika linalochemshia maji hayo kila siku hufanya ukoko mweupe ndani, mgumu, usiotoka kwa kusugua bali kwa ndimu au siki. Ukoko ule ni jiwe. Maji ya mvua yanapopenya udongoni hukuta hewa ya ukaa inayotolewa na mizizi na majani yanayooza, ambayo huko huweza kuwa mara kumi hadi mara mia ya ile iliyomo katika hewa tunayovuta. Maji huichukua, yakawa asidi dhaifu, na asidi hiyo ikipita kwenye jiwe la chokaa hulila kidogokidogo, jiwe likasafiri ndani ya maji bila kuonekana, kama chumvi ndani ya mchuzi. Kinacholishikilia humo ni ile hewa ya ukaa. Maji yakichemka, hewa inafukuzwa, na jiwe lililokosa wa kulibeba linaganda kwenye kuta za birika. Pango hufanya kazi hiyohiyo bila moto.

Mapango ya Amboni, yaliyo takriban kilomita 8 kaskazini ya Jiji la Tanga, yamo ndani ya mawe ya chokaa ya enzi ya Jurasiki, yaliyojitandika chini ya bahari kama miaka milioni 150 iliyopita. Maji yenye asidi ndiyo yaliyoyachimba kwanza, yakipanua nyufa mpaka zikawa vyumba na vichochoro. Baadaye, maji yaliposhuka chini zaidi na vyumba vikabaki vikavu, kazi iligeuka, na maji yanayodondoka yakaanza kujenga palepale yalipokuwa yamebomoa. Tone linapotokeza darini hukuta hewa ya pango, ambayo ina hewa ya ukaa kidogo kuliko ya udongoni, hivyo sehemu ya ile iliyomo ndani ya tone inatoka, na pale tone linaposhika mwamba inabaki pete nyembamba ya madini yaitwayo kalisaiti, ambayo ndiyo ile kaboneti ya kalsiamu. Tone likianguka, jingine huja na kuacha pete nyingine chini ya ile ya kwanza, na pete juu ya pete hufanya mrija ulio mtupu ndani, wenye upana wa tone lenyewe, kama milimita 5, unaofanana sana na mrija wa kunywea soda.

Mrija huo ukija kuziba kwa chembe ya mchanga au kwa kalisaiti yenyewe, maji hutiririka upande wa nje na kuunenepesha zaidi juu kuliko chini, ukapata umbo la karoti. Hiyo ndiyo stalaktiti watu wanayoifahamu. Maji yaliyoanguka nayo bado yana jiwe ndani, na yakipasuka sakafuni hutoa hewa iliyosalia na kujenga kichuguu cha duara kiitwacho stalagmiti, ambacho hakina tundu katikati, kwa kuwa tone halikuning'inia pale bali lilitua. Zikikutana huwa nguzo. Maji yakiteremka kwenye dari iliyoinama hujenga pazia lenye mikunjo, na palipo na chuma udongoni pazia hilo hupata michirizi myekundu na ya kahawia. Kazi hii ni ya polepole mno. Mapango hutofautiana sana, lakini kiasi cha moja ya kumi ya milimita kwa mwaka ni cha kawaida, maana yake sentimita moja kwa karne nzima.

Sasa twende chini ya ngazi zenu. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo wa mfinyanzi kwenye joto la kama nyuzi 1,450 za sentigredi, kazi ambayo kwenu Tanga inafanyika Pongwe, na moto huo huifukuza hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Wazee wa pwani walifanya jambo la aina hiyo kwa moto mdogo zaidi walipopanga matumbawe juu ya magogo, wakayachoma, kisha wakayamwagia maji hadi yakafyatuka na kuwa unga mweupe. Ndiyo chokaa iliyozimwa, iliyojenga misikiti na majumba ya mawe kutoka Lamu hadi Kilwa, na ndiyo ileile inayopakwa kwenye jani la tambuu. Saruji inapochanganywa na maji na kukamata, moja ya mazao yake ni hiyo chokaa iliyozimwa, ambayo wanakemia huiita hidroksidi ya kalsiamu, na hubaki imetawanyika katika zege lote. Hii haihitaji asidi ili iyeyuke. Lita moja ya maji safi huyeyusha karibu gramu 1.7 za chokaa iliyozimwa, ilhali jiwe la chokaa lenyewe, katika maji yasiyo na hewa ya ukaa, haliyeyuki hata miligramu 20.

Kwa hiyo maji yakipata ufa mwembamba kwenye ngazi, hupita yakijizolea chokaa, na yanapotokeza upande wa chini huwa ni alkali kali, yenye kipimo cha pH cha 12 au zaidi, na hayana hewa ya ukaa hata kidogo. Yana njaa nayo. Huivuta kutoka hewani, na papo hapo chokaa iliyomo hugeuka kaboneti, ambayo maji hayawezi kuibeba, ikaganda.

Chini ya ngazi za nyumba ninamokaa kuna mrija mmoja wa namna hiyo, mrefu kama kiungo kimoja cha kidole. Siku moja ya mvua za masika nilikaa chini yake na tochi na saa. Tone lilichukua zaidi ya dakika saba kukomaa, na kabla halijaanguka niliona juu ya ngozi yake vipande vidogo vya utando mweupe, kama utando wa maziwa yaliyopoa, vikizunguka kila niliposogeza uso karibu. Utando ule ni kalisaiti inayozaliwa wakati huohuo unaotazama. Pumzi ya binadamu ina hewa ya ukaa kama mara mia ya ile iliyomo hewani, hivyo nadhani kwa dakika zile chache nami nilililisha jiwe.

Mwendo wa ukuaji wake hutegemea sana kasi ya kudondoka. Matone yakifuatana haraka, kila moja huanguka kabla halijavuta hewa ya kutosha, na jiwe huishia sakafuni. Yakija polepole, kama tone moja kwa dakika kumi hivi, imepimwa kwamba mrija wa chini ya zege huweza kurefuka hadi milimita 2 kwa siku moja. Ni urefu ambao pangoni ungeweza kuchukua miaka ishirini. Lakini haraka hiyo ina gharama yake: kuta za mrija wa zege ni nyembamba na zina vinyweleo, hivi kwamba ukilinganisha vipande viwili vya urefu na upana sawa, wa zege huwa na uzito wa kama asilimia 40 tu ya wa pangoni. Ukiugusa huvunjika. Kwa sababu ya tofauti hizi wataalamu wameipa kila jamii jina lake: yaliyoota mapangoni huitwa spileothemu, na yaliyoota kutokana na zege, lipu au chokaa ya kujengea huitwa kalthemiti.

Na kwa kuwa wewe ni mwalimu, nakuomba ushirikiane na mwenzako wa kemia, kwa sababu maabara yenu tayari ina kila kinachohitajika. Mwanafunzi apulize pumzi kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, akijihadhari asiyavute. Kwanza maji yatakuwa meupe kama maziwa: hilo ndilo linalotokea chini ya ngazi. Walimu wengi huishia hapo. Msiishie hapo. Aendelee kupuliza kwa dakika kadhaa, na weupe utaanza kupotea mpaka maji yawe maangavu tena: hiyo ni mvua iliyopita udongoni ikiyeyusha mwamba wa Amboni. Kisha maji hayo maangavu yachemshwe, hewa itoke, na weupe utarudi: hapo wameona stalaktiti ya pangoni ikifanyika, na ukoko wa birika pia. Kwa glasi moja na moto kidogo mwanafunzi wako atakuwa amejijibu mwenyewe.

SWALI: Naishi orofa ya pili katika jengo lenye maegesho ya magari chini. Dari ya maegesho imeota vitu vyeupe kama mishumaa, na matone yake yameacha madoa kwenye rangi ya gari langu yasiyotoka kwa sabuni. Msimamizi huvipangusa kwa fagio na kupaka rangi, vikarudi baada ya miezi. Je, jengo linaoza? Tuhame? — Mkazi wa Mombasa.

JIBU: Ndugu yetu, usihame kwa sababu ya vijiti. Chokaa inayopotea kwa miaka michache kupitia nyufa mbili tatu ni ndogo mno kudhoofisha slabu nene. Jambo la kufuatilia ni maji yanayopita, kwa sababu ndani ya slabu mna nondo. Zege jipya, kwa ile alkali yake kali, huifunika nondo kwa utando mwembamba unaoizuia isishike kutu. Maji yanayopita miaka nenda miaka rudi huipunguza alkali hiyo, na mjini kwenu, ambako upepo wa bahari hubeba chumvi, hatari huongezeka, kwa maana kloridi iliyomo kwenye chumvi huuvunja utando huo hata kabla alkali haijaisha. Nondo ikishika kutu huvimba, na uvimbe huo huupasua zege kutoka ndani.

Kwa hiyo tazama rangi. Kijiti cheupe kinakuambia kuwa maji yamepita kwenye zege. Kijiti chenye rangi ya chungwa au kahawia, au michirizi ya rangi hiyo kando ya ufa, kinaweza kuwa na kutu ya nondo ndani yake, na hapo mwiteni mhandisi wa majengo bila kungoja, hasa mkiona pia kwamba zege limevimba au vipande vimeanza kubanduka. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeona mara nyingi mno watu wakipaka rangi juu ya alama ambayo ingewaokoa gharama kubwa kama wangeisoma mapema.

Kisha tafuteni maji yanatoka wapi. Andikeni kwa wiki kadhaa lini matone huongezeka. Yakiongezeka siku moja au mbili baada ya mvua, chanzo ni mvua: paa bapa lisilo na mwinamo, bomba la maji ya mvua lililoziba, au uwanja wa juu wenye vigae vilivyopasuka. Yakiendelea vilevile wakati wa kiangazi, tazameni bafu, karo, mabomba na tangi lililo juu yake. Ukarabati wa kweli hufanywa upande yanakoingilia maji. Rangi na lipu za upande wa chini huficha tu, na maji yakizuiwa kutokea pale hutafuta ufa mwingine, mara nyingine mbali na wa kwanza.

Mkataze msimamizi asitumie asidi kali ya kusafishia vyoo. Itakiondoa kijiti kwa povu kubwa la kufurahisha macho, lakini itaendelea kula saruji yenyewe, tena ina kloridi ileile inayoharibu nondo. Kijiti hung'olewa kwa mkono wenye glavu, kwa kuwa tone jipya lina ukali wa chokaa, na mafundi wanajua jinsi saruji mbichi inavyochubua vidole. Macho nayo yakingwe. Gari likidondokewa lioshwe mara moja kwa maji mengi. Doa lililokwisha kukauka hulegea kwa siki iliyozimuliwa kwa maji, ikifuatiwa na kusuuza vizuri, ingawa rangi iliyokwisha kuliwa na alkali haitarudi kwa siki wala kwa sabuni.

Umeuliza pia pembeni ya barua yako kuhusu unga mweupe unaopukutika chini ya kuta za nyumba ya wazazi wako. Mara nyingi huo ni jambo jingine: ni chumvi zilizopandishwa na unyevu kutoka ardhini, au zilizoletwa na mchanga wa ufukweni uliotumika kujengea. Udondoshee siki. Ukitoa mapovu, ni kaboneti. Usipotoa, na ukiyeyuka upesi katika maji, ni chumvi.

SWALI: Karibu na kijiji chetu kuna pango lenye mawe ya kuning'inia. Wageni hukata vipande vya kuondoka navyo, na baadhi ya vijana wenzangu huwasaidia kwa malipo kidogo. Wazee wanakataza, lakini vijana wanasema jiwe litaota tena kwa sababu maji bado yanadondoka. Nani yuko sahihi? — Msomaji wa Jambiani, Unguja.

JIBU: Kijana wetu, wazee wako sahihi, na sababu za kitaalamu zinawaunga mkono. Mapango ya upande wenu yamo katika matumbawe ya kale yaliyoachwa nchi kavu bahari iliposhuka. Mawe hayo ni machanga sana yakilinganishwa na ya Amboni, lakini kemia yake ni ileile niliyomweleza mwalimu, na mwendo wake ni uleule wa pole.

Jiwe la pangoni hukua kwa matabaka kama mti unavyokua kwa pete, na maji yanayolijenga huleta urani kidogo sana, lakini karibu hayaleti thori. Urani hugeuka kuwa thori kwa mwendo unaojulikana, kwa hiyo mtaalamu akipima uwiano wa hizo mbili katika tabaka anaweza kutaja umri wake, hadi kufikia kama miaka nusu milioni. Oksijeni iliyomo katika tabaka hilohilo humweleza habari za mvua za wakati ule. Kwenu hasa hili lina uzito, kwa sababu katika Pango la Kuumbi, lililoko upande wenu wa kisiwa, waakiolojia wamefukua mifupa ya pundamilia na nyati, wanyama ambao leo hawapo Unguja na waliokuwapo kisiwa kilipokuwa kimeungana na bara. Pango linaloweza kutunza habari ya namna hiyo si la kukatwa vipandevipande. Kipande kilichokatwa kikawekwa kwenye rafu ya sebuleni kimepoteza mahali pake na mpangilio wake, na hata mtaalamu akikipata baadaye hawezi kujua kilikuwa wapi wala tone lipi lilikijenga.

Kugusa nako kunadhuru. Mafuta ya mkono huacha utando unaozuia maji yasilishike jiwe sawasawa, na baada ya mikono mingi jiwe hubadilika rangi na kuacha kung'aa. Moshi wa mienge huacha masizi ambayo hufunikwa na kalisaiti mpya na kubaki ndani yake kama mstari mweusi.

Ama kuhusu kuota tena, vijana wenzako wamekosea hesabu. Maji yakiendelea kudondoka mahali palepale, jiwe jipya linaweza kuanzia kwenye mkato, lakini kwa moja ya kumi ya milimita kwa mwaka, kipande cha shibiri moja, kama sentimita 20, kinahitaji miaka 2,000. Tena mara nyingi maji hayarudi njia ileile baada ya jiwe kuvunjwa. Vipande vilivyokwisha kuanguka mviache palepale vilipo, visikusanywe wala kupangwa kando. Vikiwa chini ya matone, kalisaiti itavishikamanisha na sakafu, na mtaalamu atakayekuja ataweza kutazama juu yake na kuona vilikatwa wapi.